Ulimi wa Idara ya Maji

Jumatatu, tarehe 6

Dawati langu liko kwenye korido ya Idara ya Maji, kati ya mlango wa choo na stoo ya koki mbovu. Anayekwenda chooni hunisalimia kwa mdomo. Anayetoka hunisalimia kwa mkono, na mkono una maji. Miaka saba sasa. Kazi yangu ni kupokea malalamiko. Bomba limepasuka, andika. Mita inakimbia hata koki ikifungwa, andika. Maji yametoka na kiluwiluwi, andika, na kiluwiluwi kibaki kwenye chupa kama shahidi.

Leo limebandikwa tangazo. Dawati la malalamiko linafungwa mwisho wa mwezi. Watu watalalamika kwa simu. Karani wa dawati atahamishiwa kikosi cha mitaro. Nimelisoma mara tatu nikimtafuta karani mwingine. Hayupo. Ni mimi.

Mimi na sururu hatujuani, na sikuwa na mpango wa kujuana nayo uzeeni.

Saa nne akaja mama mmoja wa mtaa wa ufukweni na chupa ya maji. Akasema maji yana chumvi, sabuni haitoi povu, na mumewe amegoma kunywa chai akidhani anakomolewa. Ni mtu wa tano tangu Jumamosi kuja na kesi hiyo. Nikaichukua chupa nikaenda nayo kwa meneja.

Nimemkuta ameshika kichwa. Mbele yake amesimama dada wa maabara. Mji wetu una visima vinne, vyote vinamwaga kwenye tangi moja kubwa, na kimoja kimeanza kuvuta maji ya bahari. Kipi, hakuna anayejua. Kifaa cha kupimia chumvi kimeharibika, kimepelekwa mji mkuu kutengenezwa, kitarudi baada ya wiki tatu. Dada wa maabara alijaribu kuwaonjesha mafundi. Kila fundi alisema kisima kibovu ni cha mwenzake. Wawili nusura wapigane.

Hapo nikasikia sauti ikisema kwamba yupo mtu ofisini humu ambaye ulimi wake hutambua punje moja ya chumvi ndani ya ndoo, na kwamba kwao, ukoo mzima, wanasifika kwa hilo. Sauti ilikuwa yangu.

Meneja akaniangalia kwa muda. Akasema nikaonje, nimletee jibu keshokutwa. Jibu likiwa la kweli, suala la mitaro tutalizungumza upya.

Jumanne, tarehe 7

Mazoezi kabla ya kwenda kazini. Vikombe sita mezani. Vitatu maji matupu, vitatu nimetia chumvi kidogo. Nikafumba macho nikavichanganya, nikaonja. Nimepatia kimoja kati ya sita, na hicho ni kwa sababu chumvi ilikuwa haijayeyuka nikaitafuna.

Mke wangu akauliza kwa nini nalamba vikombe kama paka. Nikamjibu kuwa ni mambo ya kikazi. Akasema hajawahi kuona mambo ya kikazi yakimtiririka mtu kidevuni.

Ndipo akapita mama mkwe. Mama mkwe anakaa kwetu tangu mwaka juzi. Alikuja kwa wiki mbili. Akachukua kikombe cha kwanza, akaonja, akatema dirishani. Chumvi. Cha pili kisafi, ila kimeoshwa kwa sabuni ya kufulia. Cha tatu kisafi, lakini maji yamelala. Alivimaliza vyote sita bila kukosea hata kimoja, kisha akauliza nani amemaliza chumvi ya jikoni.

Miaka miwili mwanamke huyu amekuwa akisema mchuzi wangu wa Jumapili una ladha ya sufuria, na mimi nikadhani ni chuki.

Nimekwenda kwa meneja nikamweleza kuwa ulimi wangu hauwezi kufanya kazi ofisini, jirani na choo. Unahitaji utulivu wa nyumbani, alfajiri, kabla sijasemeshwa na mtu. Akakubali. Dada wa maabara akanipa chupa nne, kila moja na namba ya kisima chake. Aliniangalia kama anavyoangalia mita inayorudi nyuma.

Jumatano, tarehe 8

Nimemwambia mama mkwe kwamba Idara inataka maoni ya akina mama kuhusu maji. Akasema ni mara ya kwanza Idara kuwa na akili. Kwa kazi hiyo anataka feni ielekezwe kwenye kiti chake. Nimeielekeza. Mimi nimelowa jasho lakini ni kwa faida ya taifa.

Chupa ya kwanza: matamu. Ya pili: matamu, bomba lake lina kutu. Ya nne: maji ya mawe, mazuri kwa chai. Ya tatu aliyashika mdomoni, akakunja uso, akatema.

Akasema, “Haya yameshakwenda baharini yakarudi, baba.”

Kisima cha Tatu. Mlinzi wa pampu ya Kisima cha Tatu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mwana kipenzi wa mama mkwe. Anakaa bure kwenye chumba cha pampu, upepo wa bahari unaingia dirishani mchana kutwa. Tangu mwaka jana ana baiskeli yangu. Kila tukikutana kwenye shughuli ya ukoo huniita Karani wa Choo, na watu wazima wanacheka.

Naandika hapa kwa moyo safi kwamba sikufurahi. Nilipiga mluzi kidogo tu njiani.

Meneja amekifunga Kisima cha Tatu saa sita mchana. Mama mkwe sijamwambia chupa zilitoka wapi. Hakuuliza.

Ijumaa, tarehe 10

Maji yamepona. Yule mama wa chupa amekuja ofisini na beseni limejaa povu, akapita nalo korido nzima kumwonyesha kila mtu. Wafanyakazi sasa wanamwita Mama Povu. Mimi wananiita Bwana Ulimi.

Nimepewa chumba cha mtunza stoo aliyestaafu. Kina dirisha. Kina mlango unaofungwa. Kuhusu mitaro meneja amesema nisiwe na wasiwasi kwa sasa. Neno “kwa sasa” sikulipenda lakini nilimshukuru.

Kuanzia leo natembea nimejifunga leso mdomoni, ulimi usiingiwe na vumbi. Kantini nimekataa pilipili kwa sauti ya kusikika meza zote. Mhasibu akaniuliza kama naweza kuonja soda yake nimwambie imetoka kiwanda gani. Nikaionja. Nikamwambia kiwanda kizuri. Nimeimaliza.

Dada wa maabara akanifuata, akataka kujua natambua vipi, ili aandike kwenye daftari lake. Nikamwambia kuna mambo hayaelezeki. Ni sawa na kumuuliza samaki kuhusu maji. Akauliza samaki gani, wa bahari au wa mto. Nikakumbuka nina kikao.

Sikuwa na kikao. Nimekaa chumbani kwangu nikiangalia dirisha.

Jumapili, tarehe 12

Saa tatu asubuhi mlango umegongwa. Shemeji. Ana godoro kichwani, begi mgongoni, redio shingoni, na anaburuta baiskeli yangu. Gurudumu ni moja. Nilipouliza la pili alisema tusianze na mambo madogo madogo.

Pampu imefungwa, chumba cha pampu kimetiwa kufuli, na yeye amepelekwa kikosi cha mitaro. Atakaa kwetu siku chache. Katika ukoo huu siku chache nazijua. Ameshakalia sofa, na sofa limeshachukua umbo lake.

Mama mkwe akataka kujua ni nani aliyemfungia mwanawe riziki. Shemeji akasema ni mpuuzi mmoja wa ofisini, anajifanya ana ulimi wa ajabu, hata jina lake hawakumtajia. Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Dari letu lina doa lenye umbo la bata, sikuwahi kuliona vizuri.

Mama mkwe si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alihesabu kitu kwenye vidole, kisha akauliza kwa upole ile chupa ya tatu ilitoka kisima gani.

Nikasema cha Tatu.

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfungia mwanangu.”

Nikamwambia maoni ya akina mama yalikuwa ya msaada mkubwa sana.

“Baba, mchimba kisima huingia mwenyewe,” akasema. “Wewe umenitanguliza mimi.”

Ametangaza mgomo. Hataonja kitu chochote nitakachomletea. Feni imebaki upande wake.

Shemeji amecheka mpaka redio ikaanguka. Anasema ulimi wa Karani wa Choo kumbe una meno ya bandia.

Jumatatu, tarehe 13

Kama vile haitoshi. Ukifunga kisima kimoja, maji yanapungua kwenye tangi, na maji yakipungua, mtaa wa mlimani ulio mwisho wa bomba ndio unaokauka kwanza. Hili dada wa maabara alilisema siku ile ile kisima kilipofungwa. Mimi nilikuwa napiga mluzi.

Leo watu wa mlimani wameshuka. Wameongozwa na mwalimu mstaafu mwenye faili. Ametusomea kurasa nne tukiwa tumesimama. Siku tano koki zao zinatoa upepo. Bibi mmoja amefungua bomba likamfokea. Na yote haya, kasema mwalimu, kwa sababu ya ulimi wa mtu mmoja ambaye hata cheti hana. Akanitazama juu ya miwani yake. Nilijisikia kama sijafanya kazi ya nyumbani.

Wakati huo huo akaingia msemaji wa watu wa mashamba ya chumvi. Wao wanakaa kule mji unakoishia, wanachota maji ya bahari, wanayaanika, wanauza chumvi. Alikuja kusema kwamba chumvi kwao ni kazi, si kinywaji, na kisima kibovu kisifunguliwe kamwe. Mwalimu akamjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa karibu na tangi. Sauti zikapanda. Meneja akapanda kiti.

Akatangaza kwamba Jumamosi, uwanja wa Idara, Bwana Ulimi ataonja mbele ya watu wote. Chupa zitawekewa herufi badala ya namba, na orodha ya herufi atakuwa nayo dada wa maabara peke yake. Nikipatia, Kisima cha Tatu kitabaki kimefungwa na watu wa mlimani watatafutiwa njia nyingine. Nikikosa, kitafunguliwa hapo hapo. Na mimi, alinong'ona aliposhuka kwenye kiti, nitafunguliwa njia ya mitaroni.

Watu wote wakanigeukia. Ningeweza kusema ukweli. Nikasema niko tayari hata leo.

Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Mimi nimeyavulia nguo mbele ya mitaa miwili.

Jumatano, tarehe 15

Siku mbili namwomba mama mkwe. Jana nilimpelekea chai kitandani. Akasema ina ladha ya hofu.

Leo amelegea. Masharti yake: kiti changu cha mikono kiwe chake, redio ya shemeji isizimwe, na baada ya Jumamosi nimtafutie mwanawe kazi isiyo ya jembe. Nimekubali yote. Ningekubali hata kuhamia kwa mwalimu mstaafu.

Mpango wenyewe ni mzuri, ingawa ni wangu mimi ninayeusifia. Mama mkwe atakuwa mmiminaji. Atamimina maji jikoni mwa ofisi, na akimimina ataonja tone. Kisha ataleta vikombe uwanjani kimoja kimoja. Mimi nikiinua kikombe, yeye atagusa shavu. Akigusa shavu la kulia, maji matamu. La kushoto, yana chumvi.

Tumefanya mazoezi uani, tumekaa bega kwa bega kwenye benchi, tunaangalia kamba ya nguo. Akigusa la kulia, nasema tamu. La kushoto, chumvi. Mara arobaini na sijakosea hata moja. Mama mkwe mwenyewe alisema hakujua kama naweza kujifunza kitu.

Mke wangu alisimama mlangoni akitutazama. Akaanza kuuliza kama siku hiyo pia tutakaa vivi hivi. Nikamwambia asituvurugie mahesabu. Akaenda zake akitabasamu. Tabasamu hilo nalijua, na huwa haliniletei heri.

Ijumaa, tarehe 17

Meneja amekubali mama mkwe awe mmiminaji. Nilimweleza kuwa usafi wa vikombe unahitaji mtu mzima. Nilitegemea dada wa maabara apinge. Hakupinga. Alisema vizuri, na akauliza kama mama ana macho mazuri ya kusoma herufi.

Mambo yanapokwenda vizuri namna hii ni ishara ya mipango bora.

Jumamosi, tarehe 18

Niandike haraka kabla tumbo halijaniita tena.

Uwanja ulijaa. Mlimani upande mmoja na ndoo zao tupu, ufukweni upande wa pili, watu wa mashamba ya chumvi nyuma wakiwa wamebeba viti vyao wenyewe. Katikati meza, kitambaa cheupe, na mimi. Nilifungua leso mdomoni taratibu. Mtoto mmoja akapiga makofi. Mama Povu alikuwa mstari wa mbele. Mwalimu mstaafu alikuwa na kalamu mbili.

Mama mkwe akatoka jikoni na kikombe A. Akakiweka mezani. Akarudi hatua tatu, akasimama upande wa pili wa meza, uso kwa uso na mimi.

Nikainua kikombe. Nikaonja. Kwangu yalikuwa maji. Nikamtazama mama mkwe. Mkono wake ukapanda polepole ukagusa shavu, na shavu lenyewe lilikuwa upande wangu wa kushoto.

Nikasema kwa sauti nzito, “Chumvi.”

Minong'ono. Dada wa maabara akaandika. Mama mkwe akakunja uso, akaligusa tena lile lile shavu, kwa nguvu, kama anayejipiga kofi. Nikadhani ananipongeza. Nikaongeza kwamba ni chumvi nyingi, maji haya hayafai hata kumwagilia maua.

Kikombe B kikaja. Nilikipeleka mdomoni na mdomo wangu wote ukajikunja. Machozi yalinitoka. Hata mpumbavu angejua. Ilikuwa bahari. Ilikuwa na mchanga. Ulimi wangu ulikuwa unapiga kelele chumvi, chumvi, chumvi.

Lakini nikajiambia: ulimi huu ndio uliopata kikombe kimoja kati ya sita. Mama mkwe hakosei. Nikamtazama. Mkono wake ulikuwa kwenye shavu, upande wangu wa kulia, na alikuwa anatikisa kichwa. Nikamwamini yeye kuliko mdomo wangu mwenyewe. Nadhani hakuna mkwe aliyewahi kumheshimu mama wa mkewe kiasi hicho.

“Haya,” nikasema, “ni matamu.”

Dada wa maabara akauliza kama nina hakika. Nikasema ni maji matamu kupita yote niliyowahi kuonja, bila shaka Kisima cha Kwanza. Akasema, basi, kaka, yamalizie, ni dhambi kuyamwaga ilhali mlimani hawana.

Watu wa mlimani wakasema kweli.

Nikayamaliza. Kikombe kizima. Nilikunywa huku nimemkazia macho mwalimu mstaafu, ili aone. Yeye ndiye aliyeacha kuandika kwanza. Kisha msemaji wa mashamba ya chumvi akasimama kwenye kiti chake kuona vizuri, akawaambia wenzake kwamba huyu bwana anakunywa bidhaa yao.

Dada wa maabara akafungua orodha akaisoma. A ilikuwa Kisima cha Kwanza. B aliichota leo asubuhi ufukweni, mbele ya Mama Povu, kwa ndoo ya Mama Povu.

Sijawahi kusikia mitaa mitatu ikicheka kwa pamoja. Meneja amesema baadaye kwamba angalau kwa dakika kumi hakukuwa na mgogoro wa maji mjini.

Nilitafuta pa kujificha chini ya meza. Hapo ndipo mama mkwe akasonga mbele, akaweka trei chini, akasema hawezi kusimama hapa akiitazama aibu ya nyumba yake. Akavionja vikombe vilivyobaki kimoja baada ya kingine mbele ya watu. C, maji ya mawe, mazuri kwa chai. D, yamepita kwenye kutu. E akayashika mdomoni muda mrefu. Akasema haya anayafahamu. Wiki iliyopita yalikuwa na chumvi mbaya. Leo chumvi imebaki kidogo, kama imeaga inaondoka.

Dada wa maabara akaangalia orodha. Zote sawa. E ilikuwa Kisima cha Tatu.

Kisha akaeleza. Kisima kilicho karibu na bahari ukikivuta kupita kiasi, maji yake yakiisha bahari inakuja kujaza nafasi. Ukikipumzisha, maji yake yanarudi. Kisima hakijafa. Kimechoshwa. Akauliza nani alikuwa anaendesha pampu, na kwa saa ngapi.

Mama mkwe aligeuka polepole mpaka alipomwona shemeji, aliyekuwa amepanda ukutani kuniona vizuri nikiaibika. Shemeji akajikuna. Akasema huwa anaiwasha asubuhi, anakwenda kucheza drafti, na kuizima anaizima akikumbuka.

“Na ukishinda drafti?” mama yake akauliza.

Akasema akishinda hukumbuka mapema. Lakini yeye si mshindi sana.

Nilitaka kufurahi. Tumbo halikuniruhusu. Nimekimbia kwenda korido, kwenye ule mlango ninaoufahamu kwa miaka saba. Mtu aliyekuwa ndani aliponiuliza nani, sikuwa na moyo wa kujibu.

Jumapili, tarehe 19

Nimelala. Mke wangu ameniletea maji. Nimeyakataa. Kwa sasa mimi na maji tumetengana.

Nikamwambia mama yake amenisaliti. Alichukua viti viwili vya jikoni, akaviweka bega kwa bega, akaniambia nikae kimoja, yeye akakaa cha pili, akagusa shavu lake la kulia. Nikasema kulia. Kisha akainuka, akakigeuza kiti chake kikatazamana na changu, akakaa, akagusa shavu lile lile.

Nikasema kushoto.

Nimemwambia tatizo ni viti.

Alicheka mpaka akashika mbavu, akaniwekea mkono kichwani, akasema aliponikubali alijua anaolewa na nani, ila hakujua ni kwa kiwango hiki. Sijui kama ni sifa. Nimeichukua kama sifa, leo sina nyingine.

Jumanne, tarehe 21

Mambo yamepangwa hivi. Kisima cha Tatu kimefunguliwa, kitavutwa asubuhi tu. Mlimani watapata maji kwa zamu mpaka kipone kabisa. Mwalimu mstaafu ameichora ratiba mwenyewe kwa kalamu zote mbili. Shemeji amerudi kwenye pampu yake baada ya kuapa mbele ya mama yake. Seti ya drafti amenyang'anywa. Baiskeli ameniachia, na gurudumu lake hilo hilo moja.

Mama mkwe ameajiriwa. Atakuwa anaonja kila asubuhi mpaka kifaa kirudi, na meneja amesema hata kikirudi atabaki, kwa sababu hakuna kifaa kinachoweza kusema chupa imeoshwa kwa sabuni ya kufulia. Amepewa chumba chenye dirisha. Leo nilimbebea kiti. Dada wa maabara alimkaribisha kwa mikono miwili, wanaitana mwanangu na mama kama waliozaana. Nilipokuwa natoka mama mkwe akaniambia nifunge mlango polepole, ulimi wake unahitaji utulivu.

Mimi kesho naripoti mitaroni saa moja.

Ijumaa, tarehe 24

Siku ya tatu mitaroni. Malengelenge manne mkono wa kulia, mawili wa kushoto. Naujua sasa upi ni upi. Wenzangu ni watu wema. Wananiuliza udongo una ladha gani.

Leo jambo limetokea. Tunatakiwa kulifikia bomba kuu la zamani, lile lililozikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Meneja alikuja na ramani, akaikunjua, ikamwagika. Mchwa wameila. Pamebaki pembe moja yenye tarehe. Mnyapara akasema bomba linaweza kuwa popote, tutachimba wiki nzima tukibahatisha. Meneja akashika kichwa. Akauliza kama yupo yeyote anayekumbuka lilipopita.

Jua lilikuwa kali. Sururu yangu ilikuwa imeniegemea kama ndugu mgonjwa.

Nikamwambia meneja kwamba marehemu baba yangu alikuwa katika kikosi kilicholizika bomba hilo, na aliwahi kunionyesha njia yake yote, hatua kwa hatua.

Baba yangu alikuwa kinyozi.

Meneja aliniangalia muda mrefu kuliko ninavyopenda kuangaliwa. Lakini mtu aliyekwama hana pa kuchagua. Akaniambia nionyeshe. Nikatembea. Nikafumba jicho moja. Nikasimama, nikarudi nyuma hatua mbili, nikasikiliza. Kisha nikanyoosha kidole mahali penye kivuli kizuri, chini ya ukuta wa nyumba ya meneja mwenyewe, panapopita upepo.

Mnyapara amepiga vigingi. Kesho wanaanza kuchimba, na mimi, kama mtu pekee anayeijua njia, sitashika sururu. Nitasimamia. Nimeomba kiti.